Tumbo la mzee na akili yake: homoni za utumbo, bakteria, na yale yaliyothibitika hadi sasa

Ndugu wanajamvi, salaam.

Kwa muda sasa makundi ya WhatsApp yamejaa matangazo ya vidonge vya "bakteria wazuri" na unga wa "kusafisha utumbo", yakiahidi kwamba mzee aliyeanza kusahau atarudiwa na kumbukumbu zake baada ya wiki chache. Wakati huohuo wapo wanaouliza, tena kwa nia njema kabisa, iwapo zile sindano za kisukari ambazo watu wanachoma ili kupunguza unene zinaweza kumkinga mzazi na ugonjwa wa Alzheimer. Mimi ni afisa lishe, na sehemu ya kazi yangu ni kuwatembelea wazee majumbani. Nimeona jambo hili tulijadili kwa kirefu na kwa utulivu, kwa sababu ndani yake imo sayansi ya kweli inayostahili kueleweka, na juu ya sayansi hiyo imerundikwa biashara inayowamalizia wazee wetu pensheni.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kwamba tumbo na ubongo vinazungumza, na kwamba homoni za utumbo na bakteria wake wamo katika mazungumzo hayo, si jambo la kubishaniwa tena. Hata hivyo, hadi leo hakuna kidonge cha bakteria wala sindano ya homoni iliyothibitishwa kumrudishia akili mzee aliyekwisha kuipoteza, na tunapohangaika kukitafuta kidonge hicho tunayapita mambo mengine ya tumbo ambayo yanaiharibu akili ya mzee waziwazi, na ambayo yanatibika.

Tuanze na homoni. Mwaka 1902, mjini London, William Bayliss na Ernest Starling walikata neva zote zinazokwenda kwenye kipande cha utumbo mwembamba wa mbwa, wakatia asidi ndani ya kipande hicho, na kongosho likatoa majimaji yake ya kumeng'enya chakula kana kwamba neva bado zipo. Maana yake ni kwamba ujumbe ulikuwa umesafiri kwa njia ya damu. Kitu kilichoubeba wakakiita sekretini, na mwaka 1905 Starling akaanza kulitumia neno homoni kwa vitu vya namna hiyo. Kwa hiyo neno homoni lenyewe lilitokana na utafiti wa utumbo, na tangu wakati huo zimetambuliwa nyingine nyingi humo, ikiwemo ghrelini ya njaa inayotoka zaidi kwenye mfuko wa tumbo, ambayo Wajapani Masayasu Kojima na Kenji Kangawa waliigundua mwaka 1999.

Homoni inayotajwa zaidi siku hizi ni GLP-1. Inatengenezwa na seli ziitwazo seli L, ambazo zimejaa zaidi sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba na kwenye utumbo mpana. Chakula kinapofika huko, seli hizo humwaga GLP-1, nayo hulisukuma kongosho litoe insulini, hupunguza kasi ya chakula kutoka tumboni, na huuambia ubongo kwamba shibe imefika. Ajabu yake ni kwamba haikai: nusu yake huvunjwa na kimeng'enya ndani ya takriban dakika 2 tangu iingie kwenye damu. Ndiyo sababu sehemu kubwa ya ujumbe wake hauendi kichwani kwa damu, bali hupokelewa papo hapo utumboni na neva ya vagasi, ambayo takriban asilimia 80 ya nyuzi zake hupeleka habari kutoka viungo vya ndani kwenda juu. Isitoshe, shina la ubongo lina seli zake lenyewe zinazotengeneza GLP-1. Naomba jambo hili likumbukwe, kwa sababu wauzaji huzungumza kana kwamba ukiongeza homoni tumboni basi umeimwagia ubongo, na sivyo ilivyo. Hali ni hiyohiyo kwa serotonini: takriban asilimia 90 ya serotonini ya mwili hutengenezwa utumboni, lakini haivuki ukuta unaoutenganisha ubongo na damu.

Bakteria wanaingilia wapi? Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2016 na watafiti wa Taasisi ya Weizmann ya Israeli yanasema mtu mzima ana bakteria wapatao trilioni 38, karibu wote wakiwa kwenye utumbo mpana, na uzito wao kwa jumla ni kama gramu 200 tu. Chakula chao ni kile ambacho sisi hatukuweza kukimeng'enya: nyuzinyuzi za maharage, kunde, mboga za majani, nafaka zisizokobolewa, na aina ya wanga mgumu unaopatikana kwenye ndizi mbichi za kupika na kwenye viazi vilivyopikwa vikapoa. Wakishachachusha vitu hivyo hutoa asidi tatu ndogo za mafuta, yaani asetati, propionati na butireti. Butireti ndiyo chakula kikuu cha seli zinazouzungushia utumbo mpana ukuta wake. Na hapa ndipo homoni na bakteria wanapokutana: seli L zina vipokezi vya asidi hizo, hivyo bakteria wanaolishwa vizuri huzichochea zimwage GLP-1 na mwenzake PYY, homoni nyingine ya shibe. Ukuta wa utumbo ukidhoofika, vipande vya bakteria hupenya kwenye damu na kuamsha inflamesheni, yaani ile hali ya mwili kujihami kana kwamba una jeraha wakati jeraha halionekani, na inflamesheni ya kudumu ni mojawapo ya mambo yanayouchosha ubongo unaozeeka.

Kila hatua ya maelezo hayo imeonekana maabara. Huko Cork, Ireland, mwaka 2021 watafiti walichukua bakteria wa utumbo wa panya wachanga wakawapa panya wazee, na baadhi ya dalili za uzee katika ubongo na katika kinga zilipungua. Mwaka 2023 watafiti wa mji huohuo walishiriki kazi nyingine ambamo kinyesi cha wagonjwa wa Alzheimer kilipandikizwa kwa panya, na panya hao wakaonyesha udhaifu wa kumbukumbu. Haya ni matokeo mazito. Lakini panya wa maabara hula chakula kimoja maisha yake yote, hana shinikizo la damu la miaka ishirini, na hajafiwa na mwenzi wake. Kwa binadamu, uchunguzi wa Wisconsin, Marekani, uliochapishwa mwaka 2017, ulilinganisha wagonjwa 25 wa Alzheimer na watu 25 wasio nao, ukakuta bakteria wao wanatofautiana. Hapa panahitaji uangalifu. Mtu mwenye dimensia, yaani hali ya akili na kumbukumbu kudhoofika ambayo Alzheimer ni aina yake mojawapo, hubadilika ulaji wake, hukaa kitako zaidi, humeza dawa nyingi zaidi na hufunga choo mara kwa mara, na kila kimoja kati ya hivyo hubadilisha bakteria. Nani alitangulia, bakteria au ugonjwa, ulinganisho wa namna hiyo hauwezi kujibu.

Nije sasa kwenye sindano, kwa kuwa ndizo zinazoulizwa zaidi, na kwa kuwa hapa tumepata jibu safi kuliko mahali pengine popote katika mada hii. Sindano hizi ni dawa zinazoiga kazi ya ile GLP-1, na matumaini yalikuwa na msingi. Katika jaribio kubwa la dulaglutaidi kwa wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili, uchambuzi uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kuwa waliopewa dawa hiyo kwa zaidi ya miaka 5 walikuwa na hatari ya kudhoofika kiakili iliyo pungufu kwa asilimia 14. Kisha likaja jaribio la liraglutaidi nchini Uingereza, lenye watu 204 wenye Alzheimer ya hatua ya awali, ambalo halikuonyesha tofauti katika jambo lililokusudiwa kupimwa kwanza, yaani matumizi ya glukosi katika ubongo, ingawa vipimo vya akili vya daraja la pili vilitia moyo. Swali likawa kubwa kiasi cha kustahili majaribio mawili ya mwisho, yenye jumla ya watu 3,808 wa umri wa miaka 55 hadi 85 waliokuwa katika hatua za mwanzo za Alzheimer, wakapewa semaglutaidi ya vidonge au vidonge visivyo na dawa kwa miaka 2. Novemba 2025 kampuni inayotengeneza dawa hiyo ikatangaza matokeo: baadhi ya viashiria vya ugonjwa vilisogea kidogo upande mzuri, lakini kasi ya mgonjwa kudhoofika haikupungua. Mapema mwaka huohuo, dawa ya jamii hiyo iitwayo eksenataidi nayo ilikuwa imeshindwa kuzuia ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka, usiendelee, katika jaribio la watu 194 lililochukua wiki 96.

Nayaheshimu sana majaribio haya, na ninawaheshimu zaidi wazee waliokubali kushiriki, kwa sababu kabla yake kila mtu angeweza kusema lolote. Tafsiri yangu ni hii: mgonjwa wa kisukari anayetibiwa vizuri hulinda mishipa ya damu ya ubongo wake, na huenda faida ya mwaka 2020 imetoka hapo kwa sehemu kubwa. Ugonjwa wa Alzheimer uliokwisha kushika ni jambo jingine. Ikiwa dawa hizi zinaweza kuukinga kabla haujaanza, hilo bado halijajaribiwa ipasavyo.

Upande wa chakula matokeo yamechanganyika, na ni lazima tuyataje yote. Nchini Marekani mwaka 2023 yalitoka matokeo ya jaribio la ulaji ujulikanao kama MIND, wenye mboga za majani, kunde na karanga kwa wingi. Wazee 604 walifuatiliwa kwa miaka 3, na mwisho wake akili za waliopewa ulaji huo hazikutofautiana kwa kiasi cha kuhesabika na za wenzao waliopewa ushauri wa kupunguza uzito tu. Kwa upande mwingine, mradi wa NU-AGE uliwafuata wazee 612 katika nchi 5 za Ulaya kwa mwaka mmoja wa ulaji wa Mediterania, yaani wenye mboga, nafaka, samaki na mafuta ya zeituni. Wale walioufuata kwa dhati walipata mabadiliko ya bakteria yaliyoambatana na unyong'onyevu mdogo, inflamesheni ndogo na utendaji bora zaidi wa akili. Tena mwaka 2024 King's College London ilichapisha jaribio la mapacha, jozi 36, wote wenye umri wa miaka 60 au zaidi: pacha mmoja alipewa nyuzinyuzi za unga kila siku kwa wiki 12, mwenzake akapewa unga usio na kitu. Waliopata nyuzinyuzi walifanya vizuri zaidi kwenye kipimo cha kumbukumbu, ila nguvu za miguu hazikuongezeka. Wiki 12 ni muda mfupi na jozi 36 ni watu wachache, kwa hiyo mimi nalichukua kama dalili njema tu. Nyuzinyuzi hizo zilikuwa za aina zilezile zilizomo kwenye vitunguu, vitunguu saumu na ndizi.

Niongeze hili ili tusipoteze uwiano. Jopo la jarida la kitabibu la Lancet lilipoorodhesha mwaka 2024 mambo 14 yanayoweza kurekebishwa, ambayo kwa pamoja yanahusishwa na takriban asilimia 45 ya dimensia duniani, lilitaja shinikizo la damu, kisukari, kolesteroli, kutosikia, kutoona, upweke, uvutaji sigara, hewa chafu na mengineyo. Bakteria wa utumbo hawamo. Anayemnunulia mzee vidonge vya bakteria huku shinikizo lake halijapimwa kwa mwaka mzima amekosea mahali pa kuweka fedha.

Sasa tuliangalie tumbo lenyewe la mzee, maana huku ndiko ninakoona makosa mengi majumbani. Uzeeni njaa hupungua kwa sababu za kimwili kabisa. Homoni ya shibe iitwayo CCK huwa juu zaidi kwa wazee kuliko kwa vijana, hata kabla ya kula, na tumbo hutoa chakula polepole zaidi, kwa hiyo mzee anaposema "nimeshiba" baada ya vijiko vitano hadeki. Meno yakiisha, vyakula vya kwanza kuachwa ni vilevile ambavyo bakteria wanavihitaji. Utafiti wa Cork wa mwaka 2012 juu ya wazee 178 ulionyesha hivyo bayana: waliokuwa wakiishi katika vituo vya kulelea wazee walikuwa na bakteria wa aina chache kuliko waliobaki majumbani, mabadiliko hayo yalifuata uchache wa aina za vyakula, na yalikwenda pamoja na udhaifu wa mwili.

Kuna bibi mmoja ambaye wanawe, watu wenye mapenzi makubwa kwa mama yao, walikuwa wakimtumia kutoka nje ya nchi unga wa nyuzinyuzi na vidonge vya bakteria. Nilipomtembelea mchana, sahani yake ilirudi jikoni na maharage yote na mboga zote. Alichokula ni wali na mchuzi. Magego yalikuwa yameisha, na maganda ya maharage yalikuwa yanamshinda. Asubuhi na jioni chakula chake kilikuwa chai na mkate. Kwenye mfuko wa plastiki kando ya kitanda mlikuwa na metformini ya kisukari, dawa ya shinikizo, omeprazoli ambayo alikuwa akijinunulia duka la dawa kwa miaka kadhaa kwa ajili ya kiungulia, na piritoni alizokuwa akimeza kila usiku ili apate usingizi.

Mfuko ule ulikuwa na maelezo ya kutosha. Metformini ikitumika kwa muda mrefu hupunguza ufyonzwaji wa vitamini B12, na mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Uingereza iliwakumbusha madaktari wapime vitamini hiyo kwa wagonjwa walio hatarini. Omeprazoli nayo hupunguza asidi ambayo tumbo linaihitaji ili kuitoa B12 kwenye chakula. Juu ya hayo, wazee wengi wa kwetu wameishi miaka mingi na bakteria aina ya Helicobacter pylori, ambaye kwa baadhi yao hulichakaza tumbo hadi likashindwa kuifyonza vizuri. Upungufu wa B12 huleta usahaulifu, ganzi ya miguu, kupepesuka na upungufu wa damu, na watu wakaita uzee. Piritoni huzuia kemikali ileile ambayo ubongo unaitumia kutunza kumbukumbu, na pia hukausha kinywa na kufunga choo. Sitadai kwamba dawa zilipopitiwa upya na daktari wake na B12 ikapimwa, bibi akawa kijana tena. Ninachosema ni kwamba mambo manne yaliyokuwa yanaigusa akili yake kupitia tumbo yalikuwa mbele ya macho ya watu wote, na hakuna hata moja lililokuwa linatibika kwa kile kilichokuwa kinatumwa.

Nakaribisha maswali na hoja za kupinga.

*

Mchangiaji kutoka Tanga: Ahsante sana mkuu kwa elimu hii. Baba yangu mzazi ana miaka 76, ana kisukari, na mwili wake ni mwembamba. Daktari mmoja amependekeza sindano ya semaglutaidi. Baada ya kusoma haya, je, tukatae?

Mleta uzi: Ndugu yangu, usikatae na usikubali kwa sababu ya uzi huu, kwani dawa hiyo ni nzuri kwa kisukari na ina faida iliyothibitika kwa moyo na figo. Maswali ya kumpelekea daktari ni mengine. Dawa za jamii hii huondoa hamu ya kula, na katika uzito unaopungua haipungui mafuta pekee, misuli nayo hupungua. Kwa mtu mnene wa miaka 50 hilo linavumilika. Kwa mzee mwembamba wa miaka 76 linaweza kumfikisha kwenye kuanguka na kuvunjika nyonga, na mzee akivunjika nyonga mara nyingi akili nayo hutetereka. Kwa hiyo mwulize uzito wa baba ulikuwaje miezi sita iliyopita, anakula protini kiasi gani, kuna dawa nyingine inayomfaa bila kumkata hamu ya chakula, na nani atampima uzito kila mwezi. Ikiwa sababu pekee iliyotolewa ni kulinda kumbukumbu, hapo mna haki ya kusema kwamba majaribio ya mwaka 2025 hayakuonyesha faida hiyo.

*

Mchangiaji kutoka Nairobi: Kwetu tunakunywa uji uliochachuka, maziwa lala na mursik tangu utotoni. Je, hivi haviwezi kufanya kazi ya hivyo vidonge bila gharama?

Mleta uzi: Nakubaliana nawe kwa sehemu kubwa. Chuo Kikuu cha Stanford kilichapisha mwaka 2021 jaribio la wiki 10 kwa watu wazima 36, na wale waliokula vyakula vilivyochachushwa kwa wingi waliongezeka aina za bakteria tumboni, huku protini 19 za inflamesheni zikipungua katika damu. Hawakuwa wazee wenye dimensia, kwa hiyo hatuwezi kuruka kutoka hapo hadi kwenye kumbukumbu. Hata hivyo kwa mzee asiye na meno, uji wa nafaka isiyokobolewa uliochachushwa, togwa, au mtindi ni chakula kinachomezeka, chenye nguvu, na mtindi una protini na B12 pia. Huo ni ubora unaotosha bila kuongezewa ahadi.

Kuna utafiti wa nyumbani kuhusu hili ambao unapaswa kujulikana zaidi. Aprili 2025 jarida la Nature Medicine lilichapisha kazi iliyofanyika Kilimanjaro kwa ushirikiano wa watafiti wa Moshi na wa Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi, kwa wanaume 77 wenye afya. Waliozoea vyakula vya kijijini walibadilishiwa kwa wiki 2 wakala soseji, mkate mweupe na chipsi; waliozoea vyakula vya mjini wakapewa ndizi, maharage na mboga; na kundi jingine likanywa mbege, pombe ya ndizi, kwa wiki moja. Waliohamia chakula cha kisasa walipandwa na protini za inflamesheni katika damu, na seli zao za kinga zikawa dhaifu zaidi zilipokutana na vimelea. Waliorudi kwenye chakula cha asili, na waliokunywa mbege, walielekea upande wa pili, na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yapo wiki 4 baadaye. Walikuwa vijana, akili haikupimwa, na mbege ni kilevi ambacho mzee mwenye dawa nyingi hapaswi kuandikiwa. Lakini natamani mno kuona utafiti kama huo ukifanyika kwa wazee wa mkoa uleule, tena ukipima kumbukumbu.

*

Mchangiaji kutoka Moshi: Kwa heshima, naona mnazidisha. Wazee wetu wa zamani walikula maharage na ndizi na hawakuwa na huo ugonjwa. Umeletwa na vyakula vya dukani.

Mleta uzi: Mkuu, wasiwasi wako juu ya vyakula vya dukani nauunga mkono, ila kwamba ugonjwa haukuwapo ndilo jambo nisiloliafiki. Wilayani Hai, jirani yako, watafiti walipita vijijini wakawachunguza watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kuwa, baada ya kurekebisha kwa umri, asilimia 6.4 walikuwa na dimensia. Hao ni watu waliozaliwa miongo mingi kabla chipsi hazijafika kijijini. Kutokana na kazi ya Hai kikatengenezwa kipimo kifupi cha akili kiitwacho IDEA, ambacho hakimtaki mzee ajue kusoma wala kuandika, na hilo ni jambo kubwa kwa sababu vipimo vya kigeni vilikuwa vinawahesabu wazee wasiosoma kuwa wagonjwa. Zamani walioishi hadi miaka 80 walikuwa wachache, na aliyechanganyikiwa alisemwa kuwa amerogwa au amezeeka tu, akafichwa chumbani. Tukisema ugonjwa haukuwapo tutaendelea kuwaficha.

*

Mchangiaji kutoka Mwanza: Naomba ueleze kwa vitendo. Mama ana miaka 81, hana meno ya nyuma, anapata choo mara moja kwa siku nne. Nianzie wapi? Na juzi usiku aliamka akawa hatutambui, asubuhi akawa afadhali. Ni Alzheimer?

Mleta uzi: Dada, pole sana kwa ulezi. Nianze na la juzi usiku kwa kuwa ndilo la haraka. Alzheimer huja polepole kwa miezi na miaka. Kuchanganyikiwa kwa ghafla, kunakopanda na kushuka kati ya usiku na mchana, mara nyingi kuna chanzo mwilini: maambukizi ya njia ya mkojo au mapafu, upungufu wa maji, sukari kushuka, dawa mpya, na, jambo ambalo wengi hawalijui, choo kilichoganda. Mpeleke hospitali leo, usisubiri kesho, na ubebe dawa zote anazotumia pamoja na za duka alizojinunulia, ukamweleze daktari kuhusu zile siku nne.

Baada ya hapo, kwa chakula, Shirika la Afya Duniani linashauri gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku, na kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa kina zaidi ya gramu 10. Loweka maharage au kunde usiku kucha, pika mpaka yalainike kabisa, yaponde na uyachuje maganda yaliyobaki magumu ikiwa yanamkwama. Utapoteza sehemu ya nyuzinyuzi lakini atakula, na kinachoingia mdomoni ndicho chenye hesabu. Mboga za majani zikatwe nyembamba na ziungwe kwa karanga za kusaga. Papai lililoiva na parachichi hazihitaji meno. Ugali wa dona mlaini au uji wa dona uchukue nafasi ya mkate wa asubuhi, na dagaa waliosagwa wapite ndani ya mchuzi kwa ajili ya protini na B12. Ongeza kidogokidogo kwa wiki mbili au tatu, si vyote siku moja, kwa maana bakteria wasiozoea watamjaza gesi na ataikataa sahani. Maji yaendane na chakula hicho, isipokuwa kama daktari amempunguzia maji kwa sababu ya moyo au figo. Nyuzinyuzi bila maji huzidisha kufunga choo. Mpe milo midogo mitano badala ya mikubwa mitatu, kwa sababu ya ile homoni ya shibe niliyoitaja.

Ikiwa kufunga choo kumeanza miaka mingi iliyopita, na sasa umeona mkono unatetemeka akiwa amepumzika au hatua zake zimekuwa fupi za kuburuta, mtajie daktari hilo pia. Kufunga choo hutangulia ugonjwa wa Parkinson kwa miaka kwa baadhi ya watu, na tangu mwaka 2003, Mjerumani Heiko Braak alipotoa hoja kwamba huenda kwa baadhi ya wagonjwa ugonjwa huo huanzia utumboni na kupanda kwa neva ya vagasi, watafiti wamekuwa wakiifuatilia njia hiyo kwa makini. Akishatulia, omba apimwe B12, sukari, wingi wa damu, tezi ya shingo na usikivu wa masikio, kisha afanyiwe kipimo cha akili siku ambayo hana homa na amepata choo, ili matokeo yawe ya akili yake na si ya ugonjwa wa wiki hii.